Pia Ndani ya Jiwe

Mwaka 1957 wanafizikia wawili wa Moscow, Lev Landau na Evgeny Lifshitz, walitoa kitabu kuhusu tabia za umeme na sumaku ndani ya maada. Ni kitabu kigumu, kimejaa hesabu tangu mwanzo, na wanafunzi wa fizikia bado wanatokwa jasho nacho. Mahali fulani humo waandishi wanatua kidogo na kusema kwamba, kwa nadharia, zinaweza kuwepo fuwele ambazo ukiziweka katika uga wa umeme zinageuka sumaku. Halafu wanajiondokea. Hawataeleza zaidi, wanasema, maana inavyoelekea jambo hilo halijaonekana katika kitu chochote.

Haikupita miaka mitatu, likaonekana. Na aliyeonyesha pa kulitafutia alikuwa mwanafunzi wa Landau mwenyewe.

Aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kuuliza kipya hapo ni kipi. Tangu Hans Christian Ørsted alipoiona sindano ya dira ikicheza karibu na waya wenye mkondo mwaka 1820, na Michael Faraday alipozalisha umeme kwa sumaku mwaka 1831, inajulikana kwamba hawa wawili ni ndugu wa tumbo moja. Transfoma iliyo juu ya nguzo ya mtaani inafanya kazi kwa undugu huo. Ila undugu huo unadai mwendo. Mkondo lazima utembee. Sumaku lazima isogezwe, au nguvu yake ipande na kushuka. Betri ikiunganishwa na bamba mbili zisizogusana, mara tu mkondo unapokoma dira inatulia kana kwamba hakuna kitu. Sumaku iliyolala mezani haitoi umeme, hata ukae ukiitazama mwaka mzima. Watu wa fuwele walitaka kujua kama lipo jiwe ambalo ndani yake umeme uliotulia unazaa sumaku iliyotulia, na sumaku iliyotulia inazaa umeme.

Wilhelm Röntgen, kabla hajapata jina kwa eksirei zake, alilikaribia swali hilo mwaka 1888. Alizungusha kisahani cha kitu kisichopitisha umeme ndani ya uga wa umeme, akaona dalili hafifu ya sumaku. Ilikuwa kazi ya mkono mwepesi, lakini mwendo haukuondoka, kwa sababu kisahani kilikuwa kinazunguka.

Hatua iliyofuata ni ya Pierre Curie. Mwaka 1894 alikuwa mwalimu katika shule ya fizikia na kemia ya viwanda jijini Paris, na miaka 14 nyuma yake, pamoja na kaka yake Jacques, alikuwa ameshagundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Hawakubahatisha. Waliangalia kwanza umbo la fuwele, wakauliza ina ulinganifu gani na imekosa upi, ndipo wakajua ipi ibanwe na ibanwe upande gani. Katika makala yake ya 1894 kuhusu ulinganifu, Curie alitumia jicho lilelile kwa sumaku. Akaona kwamba umbo la baadhi ya fuwele halikatazi umeme kuzaa sumaku, na kwamba inafaa kujaribu. Mwaka huohuo alikutana na Maria Skłodowska, na miaka yake iliyobaki ikaenda kwenye radiamu hadi alipogongwa na gari la farasi katika mtaa mmoja wa Paris mwaka 1906. Swali la fuwele likabaki limeandikwa, halina mwenyewe.

Miaka ya 1920 wapo waliolichukua. Majaribio yakafanywa Ulaya, mengine yakatangazwa kuwa yamefaulu, na yote yakaanguka yaliporudiwa. Mwaka 1926 Peter Debye alilipa jambo hili jina lake la kitaalamu, athari ya magnetoelektriki, akiwa anajadili majaribio ambayo hayakusimama. Mtoto alipewa jina kabla mimba haijatungwa.

Ni rahisi kuwalaumu watu hao kwa vifaa duni. Mimi sioni hivyo. Walikuwa na galvanometa nzuri na subira ya kutosha. Walichokosa ni kujua kwamba Curie, pamoja na ukali wote wa jicho lake, alihesabu nusu ya ulinganifu.

Curie aliitazama fuwele kama seremala anavyokitazama kiti: kikiwekwa mbele ya kioo kinaonekanaje, kikigeuzwa miguu juu kinafanana na mwanzo au la. Kwa umeme hilo linatosha. Ioni chanya zikisogea huku na hasi zikisogea kule, unapata kitu kama mshale wenye kichwa na mkia. Kioo kinaweza kuugeuza mshale huo. Lakini upige picha ya video, kisha urudishe mkanda nyuma, na mshale utaukuta palepale ulipokuwa, kwa kuwa haukuwa ukienda popote. Sumaku ni kiumbe kingine. Chanzo chake ni mzunguko wa elektroni, kitu kama pia ya watoto. Rudisha mkanda nyuma, pia itaonekana ikizunguka kinyume, na iliyokuwa ncha ya kaskazini itakuwa ya kusini. (Wataalamu watanisuta, maana elektroni haizunguki kweli kama pia uwanjani. Kwa habari ya mkanda, hata hivyo, tabia zao ni moja.)

Sasa, umeme haujali mkanda kurudi nyuma, na sumaku inajali. Basi fuwele ambayo ni ileile mkanda ukienda mbele au ukirudi nyuma haina namna ya kuwaunganisha. Umeme ungeiambia iwe sumaku ya upande huu, na mkanda uliorudishwa ungeiambia, kwa haki ileile, iwe sumaku ya upande wa pili. Jibu linabaki sifuri. Fuwele inayotafutwa lazima iwe tayari na pia zake ndani, zilizopangwa kwa utaratibu unaoitofautisha na picha yake ya kurudi nyuma. Fuwele nyingine, hata iwe na umbo la kupendeza namna gani, ni kupoteza muda.

Curie asingeweza kulijua hilo. Pia ya elektroni iliingia katika fizikia mwaka 1925. Na miaka ya 1930 Louis Néel wa Ufaransa ndiye aliyeeleza kwamba ziko fuwele zilizojaa visumaku vidogo ambazo hata hivyo hazivuti msumari: kila kisumaku kinachotazama juu kina jirani anayetazama chini, wakafutana kabisa. Mpangilio huo unahitaji ubaridi. Joto ni mtikisiko, na mtikisiko ukizidi kila kisumaku kinatazama kinakotaka. Kila fuwele ya aina hii ina halijoto yake, ambayo leo inaitwa kwa jina la Néel, na chini yake ndipo utaratibu unaposimama.

Urusi ilikuwa na hazina nyingine. Aleksei Shubnikov, bingwa wa fuwele, alitoa mwaka 1951 kitabu kuhusu ulinganifu wa rangi mbili. Chukua ubao wa drafti. Ukiusogeza nyumba moja kulia haufanani tena na ulivyokuwa, kwa sababu nyeusi imeangukia nyeupe. Ukiusogeza na papo hapo ukabadilisha rangi, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe nyeusi, unafanana. Weka kisumaku cha juu badala ya nyeupe na cha chini badala ya nyeusi, na kubadilisha rangi kunakuwa ndiko kurudisha mkanda nyuma. Kwa hesabu hiyo aina 32 za ulinganifu alizozijua Curie zinazaa 122. Kati ya hizo, 58 zinaruhusu umeme uzae sumaku. Sindano katika rundo la majani ikawa orodha.

Igor Dzyaloshinskii alizaliwa Moscow mwaka 1931, akalelewa kifizikia katika kundi la Landau. Mwaka 1959 aliandika makala fupi, kurasa zake zinahesabika kwa vidole, akataja kitu kimoja kwa jina: oksidi ya kromi, Cr₂O₃. Si kitu cha ajabu. Ni unga wa kijani unaotiwa katika rangi za kupaka na katika dawa za kung'arishia vyuma. Fuwele yake imejengwa kwa ramani ileile ya rubi, zile zinazochimbwa Longido kule Arusha; tofauti ni kwamba rubi ina aluminiamu na chembe kidogo tu za kromi zinazoipa wekundu, na hapa kromi imechukua nyumba yote. Mpangilio wa visumaku vyake ulikuwa umeshapimwa kwa nyutroni na Bertram Brockhouse mwaka 1953. Kilichobaki ni mtu kukaa chini na kuuweka mpangilio huo kwenye ubao wa drafti. Dzyaloshinskii alikaa, akaona unapita.

Kinachotokea ndani ya oksidi hiyo kinafanana na mchezo wa kuvuta kamba. Timu mbili za ioni za kromi, moja inavuta juu na nyingine chini, zina nguvu sawa na kamba haiendi popote. Kila ioni imekaa kati ya pembetatu mbili za oksijeni, moja pana na moja nyembamba. Kwa timu ya kwanza ile pana iko juu, kwa timu ya pili iko chini. Ukileta uga wa umeme, ioni zote zinasukumwa upande mmoja. Lakini kwa kuwa makazi yao yamegeuziana, timu moja inasogea kuelekea pembetatu yake pana huku nyingine ikisogea kuelekea nyembamba. Moja imepata mahali pagumu pa kukanyagia na nyingine imeingia topeni. Kamba inasogea. Fuwele ambayo haikuwa sumaku imekuwa sumaku.

Inasogea kidogo mno, na ndiyo sababu aliyelipima jambo hili anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa. Dmitri Astrov, mwanafizikia wa majaribio wa Kisovieti, alichapisha matokeo yake mwaka 1960. Fikiria kazi aliyokuwa nayo. Ukiiwekea oksidi ya kromi volti 1,000 kwa kila sentimita ya unene, sumaku inayozaliwa, hata fuwele ikiwa katika ubora wake, ni kama sehemu moja tu ya mia ya ile ya dunia inayogeuza dira. Mkondo ukivuja hata kidogo, nao unazaa sumaku yake na kukudanganya. Zaidi ya hapo, fuwele inaweza kugawanyika ndani yake, sehemu moja ikianza safu kwa kisumaku cha juu na nyingine kwa cha chini, na michango yao ikafutana. Baadaye watu walijifunza kuipoza fuwele huku umeme na sumaku zote mbili zimewashwa ili ichague upande mmoja.

Kilichomwokoa Astrov na mashaka ni halijoto. Mkondo unaovuja haujui halijoto ya Néel. Athari aliyoipima iliijua: fuwele ilipopashwa moto hadi karibu nyuzi 34 za Selsiasi, ikatoweka, palepale ambapo utaratibu wa visumaku vya kromi huvunjika. Nyuzi 34 ni mchana wa kawaida Dar es Salaam mwezi Februari. Jaribio lile lingefanyiwa kibarazani Kariakoo, lingefanya kazi asubuhi na kukataa saa nane.

Jarida la Kisovieti lililochapisha matokeo ya Astrov lilikuwa likitafsiriwa Marekani, na huko nako watu hawakulala. Mwaka 1961, katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini mjini Washington, George Rado na mwenzake Folen walipima upande wa pili wa sarafu: waliweka sumaku, wakapata umeme. Vita Baridi ilikuwa imepamba moto, na maabara ya jeshi la Marekani inathibitisha hesabu ya kijana wa Moscow ndani ya miaka miwili.

Néel mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1970, na katika mhadhara wake alisema kwamba fuwele hizi za visumaku vinavyofutana zinavutia sana kwa nadharia ila hazionekani kuwa na matumizi. Ninampenda kwa unyofu huo. Miaka 40 baadaye, mwaka 2010, kundi la Christian Binek huko Nebraska lilitumia oksidi ileile ya kromi, likiwa limeiunganisha na tabaka jembamba la sumaku ya kawaida, na kuigeuza tabia ya tabaka hilo kwa volti katika joto la chumbani. Lengo ni kumbukumbu za kompyuta zinazoandikwa bila mkondo, kwa hiyo bila kupasha moto chochote.

Lakini nimeruka mbele. Baada ya 1961 fuwele nyingine zilifuata, na nyingi ziliinamia kwenye baridi kali zaidi. Geneva, katika taasisi ya Battelle, Edgar Ascher na Hans Schmid walichunguza madini ya jamii ya borasiti, wakatengeneza moja yenye nikeli na iodini. Mwaka 1966 walionyesha kwamba chini ya takriban nyuzi 210 chini ya sifuri fuwele hiyo ina umeme wake wa kudumu na sumaku yake ya kudumu, vyote kwa pamoja, na ukigeuza umeme, sumaku nayo inageuka kwa pembe mraba. Hii ilikuwa zaidi ya kromi. Kromi hukopa sumaku kwa muda uliowekewa umeme. Borasiti ilikuwa na vyote vyake, na vimefungwa kamba moja. Schmid ndiye aliyezipa fuwele za namna hii jina ambalo limeshika, multiferoiki, katika maandishi ya 1994.

Kati ya hapo kulikuwa na usingizi mrefu. Mkutano wa kwanza wa watu wa fani hii ulifanyika Seattle mwaka 1973, wa pili Ascona, Uswisi, mwaka 1993. Miaka 20 kati ya mkutano na mkutano inajieleza. Athari zilikuwa ndogo, baridi ilikuwa ghali, na fuwele zenye umeme na sumaku kwa pamoja zilikuwa chache mno. Uchache huo ulipata maelezo mwaka 2000, Nicola Spaldin, wakati huo akichapisha kwa jina la Nicola Hill, alipouliza katika kichwa cha makala yake kwa nini ni chache hivyo. Jibu lake kwa ufupi: umeme wa kudumu katika fuwele kama titaneti ya bariamu unahitaji ioni ambayo chumba chake fulani cha elektroni ni kitupu. Sumaku inahitaji chumba hichohicho kiwe na wakazi. Ioni moja haiwezi kufanya yote mawili.

Jibu lilikuwa sahihi, na ndani yake kulikuwa na mlango wa nyuma. Vipi kama umeme hautoki kwenye chumba kitupu? Vipi kama visumaku vyenyewe ndivyo vinavyouzaa?

Novemba 2003 Tsuyoshi Kimura, Yoshinori Tokura na wenzao wa Japani walichapisha habari ya oksidi ya terbi na manganizi, TbMnO₃. Walikuwa wameikuza kama fuwele moja safi na kuishusha katika baridi ambayo hata naitrojeni ya majimaji haifiki. Hapo unaingia kwenye nchi ya heliamu. Kwenye nyuzi 232 hivi chini ya sifuri visumaku vya manganizi vinajipanga. Umeme hakuna. Endelea kupoza hadi kama nyuzi 245 chini ya sifuri, na ghafla fuwele ina umeme wake, umesimama wima kufuata mhimili mmoja. Ni umeme dhaifu, zaidi ya mara 300 chini ya ule wa titaneti ya bariamu. Ila walipowasha uga wa sumaku wa tesla kadhaa, mkubwa kuliko wa mashine nyingi za MRI za hospitali, mshale wa umeme ukaanguka na kulala kwenye mhimili mwingine. Hapakuwa na kubembeleza athari ndogo. Mshale wote uliruka kwa amri ya sumaku.

Kwa nini nyuzi 245 na si 232? Swali hili dogo ndilo lililofungua kila kitu. Mwaka 2005 Michel Kenzelmann na wenzake walipiga fuwele hiyo kwa nyutroni, wakasoma mpangilio wa visumaku pande zote mbili za mpaka. Juu ya mpaka, visumaku vyote vimelala mstari mmoja. Vinarefuka na kufupika kama mawimbi, vikitazama mbele na nyuma. Wimbi la namna hiyo likitazamwa kwenye kioo bado ni lilelile, kwa hiyo haliwezi kuchagua umeme uelekee wapi. Chini ya mpaka, kila kisumaku kimegeuka kidogo zaidi ya jirani yake, na ukitembea kwenye safu unaviona vikipinduka kama matairi ya baiskeli iendayo. Kioo kinaiona baiskeli ikienda upande wa pili. Hapo ndipo fuwele imepata upande, na umeme umepata pa kuelekea.

Mwaka huohuo Hosho Katsura, Naoto Nagaosa na Alexander Balatsky walieleza namna mgeuko wa kisumaku na jirani yake unavyoweza kusukuma chaji, na wengine wakafika kwa njia ya pili: mgeuko huo unaivuta oksijeni iliyo kati ya ioni mbili itoke kidogo kwenye mstari. Nguvu inayohusika ilikuwa inajulikana. Mwaka 1958, mwaka mmoja kabla ya makala yake ya kromi, Dzyaloshinskii aliitumia kueleza kwa nini katika baadhi ya fuwele visumaku jirani hupinda kidogo, na Toru Moriya wa Japani akaipa msingi wake wa kiatomu mwaka 1960. Sasa ilisomwa kutoka mkia kwenda kichwa: badala ya oksijeni iliyotoka kwenye mstari kuvipinda visumaku, visumaku vikipinda, oksijeni inatoka kwenye mstari.

Jaribio moja lilibaki. Kama umeme na mzunguko wa visumaku vimefungwa pamoja hivyo, basi betri inayoushika umeme inapaswa kuamua pia zizunguke upande gani. Mwaka 2007 kundi la Yamasaki, likiwa na Tokura ndani yake, liliipoza TbMnO₃ huku volti imewashwa, kisha likapitisha nyutroni ambazo nazo pia zao zimepangwa upande mmoja, za kutosha kutofautisha kulia na kushoto. Mara ya kwanza visumaku vilipinduka upande mmoja. Wakapasha joto, wakabadilisha chanya na hasi, wakapoza tena. Vilikuwa vinapinduka kinyume.